Matoazi ya Mzee Muasya

Katika nyumba ya Mzee Hezekiah Muasya kule Waithaka, pembezoni mwa Nairobi, kulikuwa na sheria moja tu, na sheria yenyewe haikuhusu viatu wala kunawa mikono. Ungeweza kuingia na matope ya barabarani mpaka sebuleni, naye akakukaribisha kwa tabasamu na kukumiminia chai. Lakini sindano ikishagusa santuri, mdomo ufungwe. Ukitoa neno, hata kama neno lenyewe ni "asante", mzee alinyanyuka polepole, akainua sindano, akakutazama mpaka umalize ulilotaka kusema, kisha akaurudisha muziki mwanzo. Pasta wa kanisa lake alifanyiwa hivyo siku aliyokuja kumfariji baada ya msiba wa mkewe. Maskini, alikuwa ameshafumba macho na kuanza kuomba.

Watu walimsamehe kwa kuwa walijua hana starehe nyingine. Pombe hakunywa, siasa zilimchosha zamani, na shamba la kwao Makueni alimwachia binamu yake alime. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa serikali mjini, mtu wa mafaili na mihuri. Alipostaafu alitoka ofisini na vitu viwili: saa ya ukutani ambayo haikuwahi kutembea, na mapenzi ya muziki wa jazi, bluzi na ule wa okestra, ugonjwa alioambukizwa na mkubwa wake wa kwanza aliyekuwa na redio mezani.

Alikusanya santuri, lakini si zile za asili. Za asili, zilizotoka kiwandani enzi za wapigaji wenyewe, aliwaachia wenye pesa na wenye wazimu. Yeye alitaka matoleo mapya: rekodi za zamani ambazo mafundi wa ng'ambo wamezifukua kwenye stoo, wakazisafisha mikwaruzo na vumbi la miaka, wakazipiga chapa tena kwenye santuri nzito, zenye kava linalonukia wino na maelezo ya nani alipiga nini siku gani. "Huyo amefufuliwa," alipenda kusema akiishika moja kwa ncha za vidole, "na amefufuliwa akiwa ameoga."

Katika zote hizo alikuwa na kipenzi. Ilikuwa santuri ya watu watatu, mmoja kwenye piano, mmoja kwenye besi, na wa tatu kwenye ngoma, waliorekodiwa katika kanisa tupu siku ya baridi. Mpiga ngoma yule hakuwa na haraka. Alikuwa akiyapapasa matoazi yake ya shaba kwa brashi ya nyuzi za waya badala ya kuyapiga kwa fimbo, kwa utulivu sana, na sauti yake ilielea juu ya piano tangu mwanzo hadi mwisho wa upande wa kwanza. Kalekye, mkewe Muasya, aliisikia mara ya kwanza akiwa jikoni, akauliza kwa sauti kubwa, "Hiyo ni mvua inaanza kwa mabati?" Muasya akainua sindano. Tangu siku hiyo Kalekye alisikilizia muziki jikoni na mlango nusu wazi, kwa sababu kule sheria haikumfika, akawa anaongea peke yake anavyotaka: mvua imeanza, mvua imezidi, sasa imehamia kwa jirani. Miaka mitano sasa tangu afariki, na kila Jumapili baada ya kanisa mzee aliipiga santuri ile, upande wa kwanza, bila kukosa.

Santuri zake zote alizipata kwa mtu mmoja. Twahir alikuwa na duka dogo ghorofa ya kwanza River Road, juu ya jamaa wanaochapisha kadi za harusi. Alitengeneza amplifaya na redio, na pembeni aliuza santuri ambazo mpwa wake Muzammil, aliyeko Rotterdam, alimtumia kila mara zilipopatikana. Twahir ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, na ingawa amekaa Nairobi tangu ujanani, bado huongea na kutembea kama mtu ambaye hakuna kinachomfukuza. Muasya alimwita Sheikh, ingawa usheikh hakuwa nao. Twahir naye alimwita Muasya Bwana Karani, na hilo lilikuwa kweli.

Kila Jumamosi, Twahir akisharudi kutoka msikitini kwa swala ya adhuhuri, Muasya alipanda ngazi zile, wakanywa kahawa, wakapiga upande mmoja wa santuri mpya iliyowasili. Walikuwa na mchezo wao. Santuri ikiisha, kila mmoja anasema jambo moja alilolisikia ambalo anadhani mwenzake hakulisikia. Muasya alishinda karibu kila wiki. Alisikia mpiga besi akipumua, kiti kikilia, mtu akigeuza karatasi nyuma ya sello, ile fidla kubwa ya kushikwa magotini. Twahir alicheka akampa ushindi wake, na Muasya akashuka ngazi kifua mbele, akiwa na santuri chini ya kwapa. Lakini hukumu ya mwisho aliitoa Waithaka, kwenye spika zake mwenyewe, kwa sababu River Road, alisema, ina makelele ya kumnyima haki hata malaika.

Sasa, baada ya Pasaka mwaka huu, mambo yaliharibika.

Maureen, binti yake wa pekee, anayekaa Kileleshwa na kufanya kazi benki, alikuwa ameleta wapaka rangi wakaing'arisha sebule ya babake. Rangi ilipokauka, mzee alirudisha vyombo vyake mahali pake, akaunganisha waya zake mwenyewe kwa miwani yake mwenyewe, maana hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Jumamosi iliyofuata alichukua santuri mpya kwa Twahir. Alipoipiga nyumbani, akakunja uso. Besi ilikuwapo, piano ilikuwapo, lakini huko juu, mahali pa matoazi na pumzi za watu, hapakuwa na kitu. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu ilikuwa okestra, ikasikika kama imefunikwa blanketi.

"Wamesafisha sana," alimwambia Twahir akimrudishia. "Wametoa uchafu, wakatoa na nyama. Hawa si mafundi, hawa ni dobi."

"Basi ilete," Twahir akasema. "Tukupe nyengine."

Akampa nyingine. Ikarudi. Akampa nyingine, nayo ikarudi. Mzee alikuwa na ushahidi ambao wakili yeyote angeupenda: kipenzi chake, santuri ya watu watatu, ilipiga vilevile kama zamani. Kila Jumapili aliiweka, na kila Jumapili matoazi yakanyesha juu ya piano, kila mguso mahali pake. Kwa hiyo spika zilikuwa nzima, na masikio yalikuwa mazima. Waliooza ni mafundi wa siku hizi.

Si mafundi tu, ukimsikiliza yeye. Pasta alikuwa amenunua maikrofoni mbovu. Simu aliyopewa na Maureen ilikuwa na kengele ya kunong'ona, ndiyo maana hakuishika. Vijana wa Waithaka walikuwa wameacha kufungua midomo wakiongea. Na Twahir mwenyewe, mtu aliyejulikana kwa upole, alikuwa ameanza kupayuka kama makanga wa matatu stendi, tena akimsogelea mtu usoni. "Uzee umemkosesha adabu," Muasya alimlalamikia bintiye. Maureen alimwambia, "Dad, twende tu uonwe masikio." Akamwambia mara mbili, akamwambia mara tatu. Lakini wahenga walishasema kuhusu nyani na kundule, na mzee alijibu kwamba hajaona sababu ya kutibu masikio ya mtu mmoja wakati ni dunia nzima imekosa sauti.

Jumamosi moja mwezi wa Agosti alipanda ngazi za Twahir akiwa ameshachemka. Mkononi alikuwa na santuri ambayo alikuwa ameingojea kwa muda mrefu, toleo jipya la mpiga ngoma yuleyule wa kanisani, rekodi ambayo haikuwahi kutoka. Aliiweka juu ya meza ya Twahir, katikati ya waya na risasi ya kuziunganishia.

"Hii pia," alisema.

Twahir akaacha kazi. "Hii nayo? Muzammil asema huko watu wapigania hii."

"Wapiganie. Ngoma naskia kwa mbali, matoazi hakuna. Mtu alijulikana kwa matoazi, na wao wametoa matoazi. Sheikh, nikuulize ukweli. Hizi si zile zimekataliwa huko Ulaya, mnaletea sisi?"

"Nani, sisi?"

"Wewe na huyo kijana wenu. Mnaona huyu ni Mkamba wa kukaa Waithaka, atajua nini? Mpe hiyo, atachukua."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja redio zao walitazama pembeni. Twahir alikuwa na uso wa mtu aliye na neno mdomoni na hataki litoke. Mwishowe akaichukua santuri, akaifuta kava kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi, akasema kwa ile sauti yake kubwa ya siku hizi, "Haya, ndugu yangu. Yaishe."

Huo upole ndio uliomkera Muasya zaidi. Mtu mwaminifu akiitwa mwizi hukasirika. "Hutaniona hapa tena," akasema, akashuka. Hakuchukua santuri nyingine. Alitembea River Road yote na mikono mitupu, na mpaka anafika nyumbani alikuwa bado anamjibu Twahir maneno ambayo Twahir hakuyasema.

Hasira ni hasara, na hasara hiyo aliionja kwanza Jumamosi iliyofuata, iliyokuja ikamkuta hana pa kwenda. Alifagia uwanja uliokuwa umefagiwa. Alipanga santuri zake upya. Alikunywa kahawa peke yake, ikawa chungu tu, haina hadithi. Nani sasa angemwuliza alisikia nini? Mzee alimkumbuka rafiki yake kiasi cha kumuuma kifua, akaapa kwamba ni kiungulia.

Jumapili Maureen alikuja kutoka Kileleshwa na kuku aliyepikwa tayari. Baada ya kula akatafuta mahali pa kuchaji simu, akainama nyuma ya spika ya kushoto.

"Dad," akasema. Kisha akasema kwa nguvu, "Dad! Hii waya iko nje. Imetoka."

"Waya gani?"

"Hii ya juu. Na ya huku pia. Ziko tu zinaning'inia."

Muasya alipiga magoti kwa haraka ambayo magoti yake hayakuizoea. Spika zake ni za zamani, zina midomo miwili kila moja: mkubwa wa chini kwa sauti nzito, na mdogo wa juu, ambao mafundi huuita twita, kwa sauti nyembamba za matoazi na pumzi. Kila mdomo una waya wake. Zile za chini zilikuwa imara. Zile za juu, zote mbili, zilikuwa hazijakazwa tangu siku ya rangi. Tangu Pasaka spika zake zilikuwa zimeongea kwa mdomo mmoja.

Usingeamini furaha aliyoipata mzee yule. Alicheka kwa sauti, akapiga goti kwa kiganja. "Kumbe!" akasema. "Kumbe ni waya!" Si mafundi, si Muzammil, si Twahir. Na, ingawa hili hakulisema, si yeye. Alizikaza waya zile kwa bisibisi, tayari anapanga maneno ya kumwomba Twahir radhi. Angefanya mzaha. Angemnunulia halua. Wangecheka mpaka wenye kadi za harusi wagonge dari.

Akaweka santuri nyingine ya okestra, iliyonunuliwa karibuni na ambayo hakuwa ameirudisha bado. Akaketi.

Ilikuwa vilevile. Blanketi lilikuwa palepale.

Akainua sindano. "Bado," akasema polepole.

"Bado nini?" Maureen alikuwa ameweka mkono mmoja sikioni. "Dad, ukiirudisha punguza, please. Hizo vinanda za juu zinanichoma. Sasa imeamka kabisa, hata haifanani na ile ilikuwa."

Mzee alimtazama. Alidhani bintiye anamfurahisha, kama watu wafanyavyo kwa wazee na kwa watoto. Akaitoa okestra, akaweka kipenzi chake, watu watatu wa kanisani. Piano ikaingia, besi ikaingia, na kisha, Mungu ni mwema, matoazi. Yale yale. Brashi ikapita, ikarudi, ikatulia. Akaegemea kiti, moyo ukashuka mahali pake. Unaona? Masikio ni mazima.

Alikaa hivyo kwa muda, akifurahi, na alikuwa angali anafurahi wazo lilipomjia. Lilikuwa wazo la karani, mtu aliyezoea kuuliza karatasi hii ilifikaje hapa ikiwa ofisi ilikuwa imefungwa. Jumapili iliyopita aliipiga santuri hii, akayasikia matoazi. Na Jumapili ya kabla yake. Kila Jumapili tangu Pasaka aliyasikia wazi. Na tangu Pasaka twita zilikuwa zimekufa. Yalikuwa yakitokea wapi?

Alinyanyuka. Maureen alidhani anakwenda kuinua sindano kwa sababu alikuwa amekohoa, akaanza kusema samahani. Lakini babake alikwenda nyuma ya spika, akazichomoa zile waya mbili za juu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akairudisha sindano mwanzo na kusimama katikati ya sebule.

Piano ikaingia. Besi ikaingia. Na matoazi yakaja, mepesi, kila mguso mahali pake.

"Maureen," alisema, muziki ukiendelea. Bintiye alishtuka, maana hilo halikuwahi kutokea katika nyumba ile. "Unaskia matoazi?"

"Matoazi gani?" Maureen akatega sikio kwa uaminifu wote. "Hakuna, Dad. Si umezima?"

Mzee Muasya alibaki amesimama pale mpaka upande wa kwanza ukaisha. Aliyasikia yote, hadi lile la mwisho kabisa, ambalo mpiga ngoma analigusa mara moja na kuliacha lififie. Yalikuwa mazuri kama yalivyokuwa siku zote. Tofauti ni kwamba sasa alijua kwamba hayakuwa chumbani. Yalikuwa ndani yake, yamehifadhiwa huko kwa miaka ya kusikiliza, na masikio yake, yalipochoka, yalikuwa yakiyaazima kutoka huko bila kumwambia. Santuri mpya hazikuwa na kitu ndani yake cha kuazima. Ndiyo maana zote zilikuwa bubu.

Aliketi, akaogopa. Aliogopa waziwazi, mtu mzima wa miaka sabini na ushei, mpaka Maureen akaja akakaa mkono wa kiti. Hakuna santuri mpya tena, aliwaza. Kila kitakachotoka kuanzia leo, kila aliyefufuliwa, atafika kwake nusu. Na rafiki yake wa pekee, yeye mwenyewe amemwita mwizi mbele ya watu.

"Twende hiyo ya masikio," alisema baadaye. "Jumatatu."

Walikwenda. Daktari, mama mmoja mpole, alimfungia ndani ya kijumba kisicho na mwangwi, akamwambia abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Muasya alikaa humo akingoja kubonyeza, na kuna wakati alidhani mashine imeharibika. Daktari alimweleza kwamba sauti za juu zimeondoka, na zikiondoka hazirudi. Vifaa vya kuvaa sikioni vingemsaidia kusikia watu, simu, honi za boda boda. "Na muziki?" aliuliza. Daktari hakutaka kumdanganya. Alisema vingemsaidia kidogo, lakini matoazi yale anayoyataja, asiyatarajie sana.

Jumamosi ilipofika alivaa koti lake la kanisani, akapanda ngazi za River Road taratibu. Alingoja hadi Twahir arudi kutoka msikitini. Hakukuwa na mteja. Twahir alipomwona mlangoni hakuonyesha mshangao wala kisirani, alisema tu, "Karibu, Bwana Karani. Kahawa ipo," akageuka kutafuta vikombe.

"Sheikh, nisikize kwanza."

"Nakusikiza."

"Ni masikio yangu." Alikuwa amepanga hotuba ndefu, ikayeyuka yote. "Si santuri. Ni masikio. Nilikuita mwizi, na ni masikio."

Twahir alivuta kiti, akaketi karibu, uso kwa uso, kama alivyokuwa akifanya miezi yote ile. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua. Tangu mwaka jana. Wakumbuka mchezo wetu? Uliacha kutaja pumzi. Ukawa wataja besi, kila siku besi. Nikikuita kwa nyuma hugeuki. Nikajua."

Ndipo Muasya alipoielewa ile sauti kubwa, na ule usogeaji wa karibu aliouita ukosefu wa adabu. Alitaka kukasirika, kwa kuwa kukasirika ni rahisi. "Na ukaniacha nakutukana? Nakurudishia santuri nzima nzima? Mbona hukuniambia?"

Twahir alimimina kahawa kabla ya kujibu. "Marehemu mama yangu, Bi Kijakazi," alisema, "alipokuwa mtu mzima sana, alianza kumlaumu muadhini. Ati amekuwa mvivu, ati adhana yake haifiki barazani. Kila alasiri hiyo ndiyo habari. Alikuwa na mambo, mama yangu, alimtukana yule muadhini hadi sisi twacheka. Basi sisi, kwa ujuvi wetu, tukamwambia. Mama, si muadhini, ni wewe. Tukamleta na mtoto wa jirani kushuhudia." Alimsogezea Muasya kikombe. "Tangu siku ile hakumtukana mtu. Hakuuliza adhana tena. Aliketi tu kwenye kitanda chake, akingoja tumwambie kula na kulala. Mimi nilisema, Mola akinijaalia, sitamfanyia mtu hivyo mara ya pili. Heri anitukane."

Twahir alinyanyuka, akavuta pazia la kona ambako huweka vyombo vyake vya kuswalia, na hapo juu ya rafu, zimesimama kwa mpangilio, zilikuwa santuri zote. Okestra iliyofunikwa blanketi. Sello. Bluzi za mama mmoja mpiga gitaa. Yule mpiga ngoma. Kila moja aliyoirudisha kwa dharau tangu Pasaka ilikuwa hapo, na karatasi ya nailoni juu yake.

"Sikuuza hata moja," Twahir alisema. "Hazina kosa. Nikaona siku moja utazitaka, na zikishaenda hazipatikani tena."

Mzee alitoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo ambacho bila shaka wenye kadi za harusi chini walikisikia. Kisha akainyooshea kidole ile ya mpiga ngoma. "Weka hiyo," akasema.

Twahir akaiweka. Sindano ikagusa, nao wote wawili wakanyamaza kama sheria isemavyo. Muasya alisikia piano, nzito na ya karibu. Alisikia besi ikitembea chini yake. Huko juu hakusikia kitu, wala kumbukumbu haikuwa na kitu cha kumpa, maana rekodi hii alikutana nayo masikio yakiwa yameshachoka. Basi badala ya kusikiliza akamtazama rafiki yake. Aliona macho ya Twahir yakifumba. Aliona kidole chake kikianza kucheza mezani, kikifuata jambo fulani, kikisimama, kikiendelea. Kuna mahali Twahir alitabasamu, na Muasya hakujua anatabasamia nini. Hilo ndilo lililomshinda.

"Ni nini hapo?" aliuliza.

Twahir akafumbua macho. Akatazama sindano, akamtazama yeye. "Muziki wapiga, Bwana Karani. Sheria je?"

"Sheria ni yangu. Ni nini hapo?"

Twahir alisita. Hakuwa mtu wa maneno mengi kuhusu muziki. Maneno siku zote yalikuwa ya Muasya. "Ameshika brashi," alianza. "Hajapiga. Apapasa tu. Kama mtu apepetaye mchele kwenye ungo, polepole, wajua? Sasa aongeza kidogo. Sasa ameacha, amemwachia wa piano." Alitega sikio. "Amerudi. Amerudi kwa chini kabisa. Ah, hapa ametia kitu kizuri. Toazi dogo, mara moja tu, kisha alizuia kwa mkono lisilie."

Muasya alifumba macho. Piano ilikuwa mbele yake, besi chini, na kutoka pembeni, nyuma ya mlango ulioachwa nusu wazi, sauti ya mtu ikimwambia kwamba mvua imeanza, imezidi, imehamia kwa jirani. Ni miaka mingapi alimwacha Kalekye aongee peke yake jikoni, akidhani kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisikia?

Twahir aliona machozi yakimtiririka mzee. Akadhani amevunja jambo kubwa, akafunga mdomo kwa heshima, muziki ukaendelea wenyewe.

Mzee Muasya alinyoosha mkono bila kufumbua macho, akaushika mkono wa rafiki yake uliokuwa juu ya meza.

"Usinyamaze," akasema.